Siku Yusto Alipoinyamazisha Kompyuta

Kompyuta ya Yusto ilikuwa na mdomo, na mdomo huo ndio uliomponza. Yusto haoni tangu utotoni. Kisoma skrini humtamkia kila kinachotokea kwenye kioo, naye hurekodi na kusafisha sauti za watu katika chumba chake cha kupanga pale Iringo. Mwaka jana alirekodi ndoa iliyokuwa ikirushwa mtandaoni. Bibi harusi alipofika kwenye "nakubali", kisoma skrini kikadakia, "Betri, asilimia ishirini," na maneno hayo yakaingia kwenye rekodi, kwa kuwa sauti zote za kompyuta hupita mlango mmoja. Tangu hapo vijana wa mtaa wakamwita Asilimia Ishirini. Hakucheka nao hata siku moja.

Sasa ilikuwa zamu ya mama yake. Mama Pelagia alikuwa na uvimbe kooni, kesho yake anapasuliwa, na daktari hakuficha: huenda sauti isirudi. Wanawe walimsihi awaimbie wimbo wa kusagia aliotoka nao kwao Butiama alipoolewa Kiriba, ule ambao ubeti wake wa mwisho hutaja watoto wote kwa majina. Akakataa katakata. Mgonjwa kuwaimbia wanawe huku wakimrekodi ni uchuro, alisema, ni kujichulia msiba. Lakini redio moja ndogo ya mtandaoni kule Bunda ilipomwalika, alikubali. Kuimba redioni ni heshima, si kuaga. Tatizo ni kwamba redio ile haikutunza vipindi vyake. Kikipita kimepita.

Gody, kaka mkubwa wa Yusto, fundi pikipiki, alikuja na wazo la kurekodi kwa simu, aiweke karibu na spika, basi. Yusto akamwambia simu itamrekodi mama pamoja na majogoo, bodaboda na pumzi za Gody mwenyewe. Kompyuta inachukua sauti ndani kwa ndani, safi.

"Macho unayo, kaka," akamalizia. "Masikio ndiyo hukupewa."

Gody akainuka, akaenda kukaa barazani. "Haya, Asilimia Ishirini," akasema huko nje, bila kupunguza sauti.

Kipindi kilipoanza Yusto alibonyeza vitufe vya kurekodi, akasikia "Inarekodi", kisha akakinyamazisha kisoma skrini. Neno hilo moja angelikata baadaye. Kuanzia hapo hakukuwa na wa kumwambia lolote.

Mama akaimba. Sauti ilikuwa na mikwaruzo, lakini ilipanda ilikotakiwa kupanda. Yusto alikuwa akiifuata kwa kidole mezani alipohisi kuna kitu kimepungua duniani. Friji ya muuza soda wa jirani haingurumi. Akapeleka mkono kwenye chaja chini ya meza. Ya baridi. Umeme umekatika, tena si sasa hivi.

Na betri ile ilikuwa kongwe. Akiiuliza kompyuta, jibu lake litaingia ndani ya wimbo wa mama. Asipouliza, itazimika wakati wowote na kuondoka na kila kitu, maana rekodi haijahifadhiwa. Akiikatiza sasa, majina ya watoto yanapotea.

Barazani kulikuwa na macho mawili. Kompyuta haikurekodi sauti za chumbani. Angeweza hata kupiga yowe na wimbo usidhurike. Kilichomzuia kuita ni kingine.

Mama akaingia ubeti wa mawe ya kusagia. Unaofuata ni wa majina.

"Kaka Gody," akaita. "Kaka, njoo uniangalizie betri. Mimi sioni."

Neno hilo, "sioni", hakuwahi kumtamkia.

Viatu vikaburuzika mlangoni, harufu ya grisi ikaingia. Gody akainama. "Nyekundu, dogo. Asilimia mbili."

Yusto akasimamisha kurekodi. Akaandika jina la faili, Gody akimsomea: inauliza, bonyeza, imekubali. Mama alikuwa ametaja jina la kwanza, Stanislausi, kompyuta ikazimika. Chumba kikawa kaburi.

Kisha, kutoka mfuko wa Gody, mama akaimba tena, bado yuko kwenye mawe. Gody alikuwa akimsikiliza kule nje kwa simu yake, sauti ikiwa chini, na mtandao wa simu ile ulikuwa nyuma kwa pumzi chache.

Yusto akamtupia simu yake. "Rekodi. Rekodi, kaka."

Gody akazikutanisha simu mbili, wakasimama hivyo vichwa vikigusana mpaka jina la mwisho.

"Si ulikuwaga unasema hutaki macho ya mtu?" Gody akauliza ilipokwisha. "Leo umeshushwa cheo. Asilimia Mbili." Yusto akacheka mpaka akalazimika kukaa.

Mama alipasuliwa, akapona, na sauti haikurudi. Yusto alipounganisha vipande viwili alimfuta jogoo, akaifuta bodaboda. Kati ya jina la Gody na jina lake kulikuwa na mtu anayevuta pumzi nzito, pumzi ya mtu anayejizuia kulia. Akairudia mara kadhaa, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kufuta.

Akaiacha.