Mfuko wa Kwapani

Miguu yangu ilikuwa imevimba tangu Jumatatu, na kila aliyeniambia "pole" nilitamani kumtupia kiatu. Mimi Mwanakhamis, mtu wa Unguja. Ulikuwa mwaka wangu wa nne wa kwenda na kurudi Guangzhou, na Aprili ile ya mwaka tisini na tisa nilikuwa nimechoka mpaka roho. Kuta zilitoka jasho kwa unyevu, nguo hazikauki, wali wao hauna nazi. Tiketi yangu ya kurudi nyumbani, ya kupitia Nairobi, ilikuwa ya usiku wa kuamkia Jumamosi ya juma lililofuata.

Kwa kuwa nimeokota Kichina cha sokoni, nikishamaliza manunuzi yangu huwatembeza wageni. Safari ile mgeni wangu alikuwa Kariuki, muuza nguo wa Nairobi, mtu mpole, mzito wa maneno. Alitumia mkono wa kushoto kwa kila kitu, hata kula, nami nikajifanya sioni. Lakini kuna jambo moja sikuweza kujifanya silioni. Mlango ukijipiga, au mtu akija kwa nyuma ghafla, mkono wake wa kulia ulikuwa unaruka ndani ya jaketi mpaka kwapani kushoto, unapapasa, kisha unarudi. Nikadhani ni moyo. Nikamwambia akapime presha.

"Niko sawa, mama," akasema.

Basi na iwe sawa. Mimi si daktari.

Alitaka majaketi mia sita ya kuuza Nairobi baridi ya Julai ikianza. Barabara ya Zhanqian, kule karibu na stesheni ya reli, tulizunguka maduka mpaka nikaona nyota, na kila jaketi analikataa. Mwishowe akavua lake la mwilini akaliweka juu ya meza ya laobani Chen, yaani bosi wa karakana, mama mfupi mwenye sauti ya kengele. Akasema anataka kama hili, si zaidi, si pungufu.

Hapo ndipo tulipokosea, na kosa ni langu, maana mimi ndiye mwenyeji. Kila mfanyabiashara wa kwetu anakijua kisa cha bwana mmoja aliyepeleka suruali yake ya kuigwa, imetiwa kiraka gotini, akaletewa suruali mia nne zote zina kiraka gotini. Wachina wale ukiwapa sampuli, wanaifuata. Hawakuulizi kwa nini. Ulitakiwa kuikagua kabla hujaitoa mkononi, ndani na nje, nami siku ile nilikuwa nimekaa juu ya robota nakanda miguu.

Jumatatu iliyofuata yakatoka majaketi kumi ya mwanzo. Nilikwenda peke yangu, nikayaona mazuri, nikashukuru Mungu. Jumatano tukaenda pamoja kukagua mzigo wote. Kariuki akachukua la juu, akaingiza mkono ndani, akasimama. Akachukua la pili. Akachukua la tatu. La nne akaligeuza ndani nje.

"Nini tena?" nikauliza.

Akanipa. Ndani, chini ya kwapa la kushoto, nyuma ya bitana, palikuwa na mfuko mwembamba wa kusimama, una lastiki mdomoni, umeshonwa kwa nyuzi mbili. Laobani Chen akatabasamu kwa fahari, akalinyanyua lile jaketi la sampuli. Na lenyewe lilikuwa na mfuko huohuo, wa kushonwa kwa mkono.

"Yiyang," akasema. Sawasawa na sampuli.

"Kwani ubaya uko wapi?" nikamwambia Kariuki. "Mfuko wa bure. Wateja watafurahi."

"Hii kontena haiendi na hizi mifuko. Zote zitoke."

Kontena lilikuwa linapakiwa Ijumaa. Nikamfasiria laobani. Akapunga mkono, meiyou, hakuna, mafundi wake wameshaanza kazi ya mtu mwingine. Kariuki akatoka, akarudi na pakiti mbili za nyembe, akakaa chini kwenye kona ya karakana na kuanza kufumua. Jaketi la kwanza lilimchukua robo saa. Nikapiga hesabu kichwani, nikaona Jumamosi yangu inakwenda na maji.

Ningeweza kuondoka. Wallahi nilinyanyua mkoba. Kisha nikaona anavyouvuta wembe kuelekea kwake, nikasema huyu atajikata vidole, na mimi ndiye nitakayempeleka hospitali. Nikavua viatu, nikakaa, nikachukua wembe.

Tulifumua siku nzima ile mpaka usiku, na mkono ulipozoea tukaenda mbio. Majaketi kama mia mbili tuliyamaliza bila maneno. Mgongo uliniuma, macho yaliniuma, na hasira nazo zikapanda.

"Kariuki," nikamwambia, "mficha uchi hazai. Nakufumulia mifuko mia sita, walau nijue ni ya nini."

Akamaliza mshono aliokuwa nao. Kisha akasema ni ya magazini. Sikuelewa. Akanieleza: nyumbani ana bastola, ya leseni, aliyopewa baada ya duka lake kuvunjwa mara mbili. Akisafiri huiacha polisi, yenyewe na risasi zake zote. Magazini ni kile kichuma kinachoshika risasi ndani ya mpini, na yeye hutembea na moja ya akiba. Na hiyo akiba, akasema, ndiyo yenye tabu, kwa sababu bastola unaificha mahali pamoja, lakini akiba lazima ifikiwe na mkono wa pili.

Mtu asiyesema, siku akianza humnyamazishi. Alisema alijaribu kuivaa mkandani katika kikoba cha ngozi, lakini akiinama kufungua kufuli la duka shati linapanda na kila mtu anaona. Akaitia mfuko wa suruali, ikajaa vumbi la nyuzi na kugongana na funguo. Akaitia ndani ya soksi, lakini akiwa amekaa kwenye gari haifikii, na kutwa anachechemea. Kibegi cha kiunoni ndicho anachoanza nacho mwizi. Mwisho mkewe Wangari akamshonea mfuko ule. Haukuonekana kwa nje, na mkono wa kulia ulifika bila kutafuta.

"Na yote hayo ya nini?" nikauliza. "Risasi za mwanzo hazikukutosha?"

Nilisema kwa kejeli. Yeye alijibu kama nimeuliza swali la kweli.

"Zilitosha," akasema. "Nilipiga kijana."

Wembe wangu ukasimama.

Miaka miwili nyuma, jioni wakati wa kufunga duka, kijana mmoja aliingia haraka, mkono umeingia ndani ya jaketi, kwapani. Kariuki hakungoja. Kijana aliitwa Thadeo. Alichokuwa anatoa ni risiti, arudishe suruali iliyombana. Aliishi siku tatu. Kabla polisi hawajafika Kariuki aliiona ile risiti sakafuni, akaiokota, akaitia mfukoni. Akawaambia polisi kijana alikuwa mwizi. Polisi wakaandika mwizi, mtaa ukasema mwizi, na mdogo wake Byron, anayefanya naye kazi dukani, akawa anawasimulia watu jinsi kakake alivyo shujaa.

"Tangu hiyo siku naogopa zaidi, si kidogo," akasema. "Naona watakuja wengi kulipiza. Ndiyo nikaanza kubeba ya akiba. Wangari hajui. Alishona tu nipate kulala."

Nilimchukia kidogo, na nilimwonea huruma, na vyote viwili vilikuwa kifuani mwangu kwa pamoja.

"Mama, angalia," akasema. Akatoa kitambulisho chake, kile wanachokiita kipande, akakitia katika mfuko wa jaketi lililokuwa mapajani. Kiliingia barabara. "Kila kijana atakayenunua hii jaketi ataweka kipande hapa. Polisi wa Nairobi atamwambia lete kipande. Atapeleka mkono wapi?"

Hapo nikaelewa, na sikuuliza tena habari ya Jumamosi. Tulirudi Alhamisi asubuhi na mapema, tukafumua mpaka vidole vikafa ganzi. Hata laobani Chen, baada ya kutuangalia kwa muda, alivuta kigoda akafumua majaketi hamsini bila kuuliza kitu, na mwisho akatukaripia kwamba tunaharibu kazi nzuri. La mwisho lilikuwa lile la Kariuki mwenyewe. Wangari alishona kwa uzi wa bluu. Alilifumua polepole, akauviringa uzi kidoleni, akautia mfukoni, akalivaa.

Tukahesabu majaketi kwenye marobota. Mia tano tisini na tisa. Tukahesabu tena. Mia tano tisini na tisa.

Hapo nikakumbuka. Jumatatu, kwa kujitia hodari, nilichukua jaketi moja katika yale kumi ya mwanzo nikampa Fiona, msichana wa Nairobi aliyekuwa anaondoka jioni ile, alifikishe dukani kwa Kariuki, wateja waonje mzigo kabla haujafika. Sikumwambia Kariuki. Nilitaka afike akute nimemfanyia jambo jema. Kisha kwa uchovu nikasahau.

"Kariuki," nikasema, "moja liko Nairobi. Nilimpelekea Byron."

Hakunifokea. Heri angenifokea. Alitoka na soksi, viatu kavibeba mkononi, nami nikamfuata nachechemea mpaka kibanda cha simu. Huku ilikuwa alasiri, Nairobi asubuhi, duka limeshafunguliwa. Simu ikaita, ikaita. Byron alipopokea, sauti yake ilijaa kibanda kizima, maana ni mtu wa kupiga kelele kwenye simu.

"Kaka! Jaketi imefika. Hii ni moto sana, sijaivua tangu jana."

"Vua."

"Kwani nini?"

"Vua sasa hivi, nakwambia."

Byron akacheka. "Zii, sivui, huku kuna kibaridi. Na wameweka mfuko poa hapa kwapani, kipande inaingia fiti. Jana jioni makarao wa kituo cha polisi walinisimamisha hapo kona, nikaingiza mkono nitoe, mmoja akanikokia bunduki. Eti nimemshtua. Bahati mwenzake ananijua. Tulicheka sana."

Kariuki aliegemea ukuta wa kibanda. Alifumba macho.

"Byron," akasema. "Yule kijana, Thadeo. Hakuwa mwizi."

Kariuki akahamishia simu sikio la pili.

"Alikuwa anatoa risiti. Niliificha. Mkono wake ulikuwa hapohapo unapoweka kipande. Niliona mkono, nikapiga. Sasa vua hiyo jaketi."

Sauti ile kubwa haikusikika tena. Nilisikia zipu ikishuka, kule mbali, kisha kitu kikianguka juu ya kaunta. Nikasema alhamdulillahi moyoni, nikadhani yamekwisha.

"Nimevua," Byron akasema. Sasa alisema taratibu, ikabidi nisogee nisikie. "Kaka. Mama yake Thadeo bado anapita hapa kila Jumamosi akienda kanisani kwa Wasabato. Unajua tunamwita nani?"

"Najua."

"Tunamwita mama mwizi. Anaitika, kaka. Siku hizi anaitika."

Mkono wa kulia wa Kariuki ukaruka kwenda kwapani, kama kawaida yake. Haukukuta mfuko. Uliteremka na bitana, ukaning'inia.

"Leo ni Alhamisi," akasema kwenye simu. "Jumamosi nitakuwa hapo. Akipita, mwambie anisubiri."

Akakata. Alikuwa hana tiketi ya Jumamosi. Mimi ndiye niliyekuwa nayo. Nilikaa chini palepale mlangoni, nikanyoosha miguu yangu iliyovimba, nikaanza kufikiria ni nani pale Xiaobei, mtaa wa Waafrika, anayeweza kubadilisha jina kwenye tiketi.