Kibao cha Treni Isiyokuwepo

Mzee Sylveri, jirani wa kaka yake Kabanyana kule Jangwani, anadai kwamba alimkuta mama yao, Mukansanga, ameketi juu ya jiwe kando ya barabara kuu, jua la utosi, mwavuli mweusi begani, galoni ya maziwa miguuni, akizungumza na mtu asiyeonekana. Anadai alisimamisha gari, akashusha kioo, akamuuliza, "Mama, unangoja nini hapa?" Naye mama akamjibu kwa utulivu, kama mtu aliyeulizwa jambo lililo wazi, "Nangoja treni."

"Na reli haiko," alisema Sylveri, mtu wa kuchomeka Kifaransa katika maneno yake, kwenye ujumbe wa sauti alioutuma kwa kundi la ukoo. "Haiko kabisa. Ni barabara, mchanga na miti ya miiba. Akasimama, akaanguka, nikambeba mpaka hospitali. Maji yalikuwa yamemwisha mwilini. Donc, nawaambia kama ndugu: mama yenu akili imeanza kumtoka."

Jangwani ndivyo ukoo ulivyouita mji ule wa magharibi mwa Marekani alikohamia Theogene, kaka yake Kabanyana, na mama yao, kwa sababu jina lake halisi liliwashinda wazee kulitamka. Ukoo wenyewe ulikuwa umetawanyika kama mtama uliomwagika: baba mkubwa Gatsinzi alikuwa Louisville, shangazi Dative alikuwa Buffalo, na Kabanyana, kitinda mimba, alikuwa Columbus, akifunga maboksi katika ghala moja.

Aliusikiliza ujumbe ule ndani ya basi la Morse Road, akitoka kazini. Akausikiliza tena. Wengine kwenye kundi walikuwa wameshaanza kuandika pole na kumtaja Mungu, lakini yeye akili yake ilikuwa imegota kwenye ile galoni. Mtu aliyepotewa na akili hutoka mikono mitupu, au hutoka na ufagio, au na kiatu kimoja. Habebi maziwa. Maziwa hubebwa na mtu anayejua anakokwenda.

Akampigia simu Sylveri.

"Papa Sylveri, asante kwa kumwokoa mama. Pale alipokaa palikuwa na nini?"

"Hapakuwa na kitu, binti yangu. Jiwe."

"Hata kivuli?"

"Kivuli cha kibao. Kuna vibao vya kura, wamevipanda njia nzima. Wanataka tukubali treni ya mjini irefushwe, ifike huku kwetu. Picha kubwa ya treni, na mshale. Bon, mimi na kaka yako tumeshapatana, tutaandika hapana. Itakula barabara yetu. Binti yangu, unasikia? Laini imekatika?"

Laini haikuwa imekatika. Kimawazo Kabanyana alikuwa amerudi kwenye kambi ya wakimbizi walikoishi zamani, alikosomea hadi darasa la mwisho la msingi, masomo yakamwishia hapo. Kambini kila kitu kilikuwa na kibao chake. Penye bomba la maji palisimama kibao chenye picha ya bomba. Penye zahanati, picha ya mama na mtoto. Hata choo kilikuwa na kibao kilichopakwa rangi nzuri kuliko choo chenyewe, na chini yake majina ya wafadhili. Mama yake hakujua kusoma, lakini katika miaka yote ile hakupotea hata siku moja, kwa sababu kambini mtu hakusimamisha kibao mahali ambapo kitu chenyewe hakipo. Sasa amekwenda nchi ambayo watu husimamisha kibao kwanza, kisha huulizana kama wanakitaka hicho kitu.

Hakumwambia Sylveri aliyoyawaza. Alijua kwamba jambo la mzazi halimalizwi na binti kwenye simu ya pembeni.

Kikao cha ukoo kilikaa Jumapili, baada ya ibada, kila mtu na simu yake. Baba mkubwa Gatsinzi alifungua kwa sala ndefu akiwa sebuleni kwake Louisville, na katikati ya sala ilisikika sauti ya mafuta yakikaangwa.

"Dative," alisema baba mkubwa baada ya amina, "Mungu amesikia vitunguu vyako. Zima maiki."

"Nikizima mtasema Buffalo haikuhudhuria."

"Tutajua umehudhuria. Harufu imefika Louisville."

Watu wakacheka, hata Theogene, ingawa yeye alicheka kwa kifupi. Kwenye kioo cha simu alionekana amekaa kwenye kochi, na mama yao kando yake, kitenge kimefungwa vizuri kichwani, macho chini. Kabanyana alimtazama mama kwa makini. Uso ulikuwa umekonda kidogo, ila mikono ilikuwa imetulia.

"Jambo ni fupi," alisema baba mkubwa. "Shemeji yangu amekuwa mtu mzima. Jangwani jua linaua na Theogene anafanya kazi. Hapa kwangu wajukuu na mke wangu wapo siku zote. Aje Louisville. Tutamwangalia, na mlango tutaufunga, asitoke peke yake. Theogene, unasemaje?"

Theogene alikuna kidevu. Kwa mtoto wa kwanza wa kiume, mama kuhamishwa nyumbani kwake ni kama kupigwa kibao mbele ya watu. "Sina la kusema, Baba mkubwa. Namwendesha kila anapotaka. Kanisani, sokoni, hospitali. Sijui nilikosa wapi."

"Hukukosa. Ni umri. Mwenye neno jingine?"

Katika ukoo wao swali hilo huulizwa kwa heshima tu. Wakubwa wakishasema, wadogo huitikia amina. Kabanyana alikuwa ameitikia amina nyingi maishani mwake. Safari hii aliwasha maiki.

"Mimi nina neno, Baba mkubwa."

Dative akasema, "Mpe nafasi. Mtoto asiyesema akisema, msikilize."

"Sema, mwanangu," alisema baba mkubwa, lakini aliusogeza uso mbali na simu.

"Naomba mama aulizwe yale maziwa alikuwa anampelekea nani."

Theogene aligeuka kumtazama mama yake. Ilionekana hakuna aliyekuwa amemuuliza. Walikuwa wamempa maji, dawa, pole na kitanda, lakini swali hawakumpa.

"Mama Aksanti," alisema Mukansanga, polepole. "Amefiwa na mumewe. Nilikuwa nakwenda kukaa naye."

"Mama, tulikwenda siku ya mazishi," alisema Theogene. "Nilikupeleka mimi mwenyewe."

"Ulinipeleka, Mungu akubariki. Ukabaki kwenye gari, injini inanguruma, ukapiga simu mara mbili: mama, twende, nachelewa kazini. Matanga si dirisha la benki. Mtu unakwenda, unakaa. Kama analia mnalia, kama hasemi hamsemi. Unamchemshia maziwa. Kesho unarudi. Huku nimemwachia mwenzangu kifo kile peke yake, kwa sababu anakaa upande wa pili wa mji, na mji hauna mwisho."

"Na treni?" aliuliza Kabanyana. Alijua jibu, lakini alitaka litoke kinywani mwa mama.

"Kila Jumapili tunapita pale kwenye kibao. Treni imechorwa, na mshale unaonyesha mahali. Nikasema, kumbe treni imefika karibu na sisi na watoto hawakuniambia. Nikajifunga, nikachukua maziwa, nikatembea hadi pale. Nikangoja. Huyo asiyeonekana Sylveri anayemsema, nilikuwa namwombea marehemu." Akainua macho kwa mara ya kwanza. "Kambini kibao kilisema ukweli."

Baba mkubwa Gatsinzi, aliyekaa kambini miaka ileile na kuteka maji chini ya vibao vilevile, alivua miwani akaifuta kwa shati.

"Akili anayo," alisema hatimaye. "Tena inazidi ya baadhi yetu. Habari ya Louisville niiondoe."

"Treni yenyewe ipo au haipo?" aliuliza Dative. "Huku kwetu Buffalo ipo. Fupi kama mkia wa mbuzi, inaishia chuo kikuu, na kila mwaka tunaambiwa itasogea. Lakini napanda mwenyewe. Simwambii mtu naenda wapi wala narudi saa ngapi."

"Haipo, shangazi," alisema Theogene. "Ndiyo tunaipigia kura. Karatasi ya kura imeshafika hapa nyumbani. Na mimi si mtu mbaya, nimefikiri. Mji huu umetanuka kama mafuta sakafuni. Kanisa huku, ghala kule, hospitali kwingine. Treni itapita barabara moja tu, na barabara hiyo ndiyo yangu ya kazini. Watachukua njia mbili za magari, foleni itanila. Hata ikikubaliwa leo, mpaka ijengwe mama atakuwa, samahani mama, hatujui atakuwa wapi. Nitaumia mimi kwa kitu ambacho yeye hatakipanda."

Kabanyana aliona kwamba kaka yake hasemi uongo. Aliwaza jinsi yeye mwenyewe anavyosimama Morse Road kwenye theluji, akihesabu magari ya wenye magari, na jinsi ambavyo angewaza vingine siku atakayonunua lake. Mtu akishakaa nyuma ya usukani, kituo cha basi huwa kitu cha kupita tu.

"Na nikikosa kuipanda?" alisema Mukansanga. "Ng'ombe tuliowaacha milimani, nani alikuwa amewapandia majani? Walipita wengine wakaacha malisho." Akapanga kitenge magotini. "Mama Aksanti ana mabinti. Nitakapokufa, nani atakuja kukaa na wewe hapa? Watafikaje? Watamwomba nani awaendeshe?"

"Mama, sasa unajisemea kifo."

"Nasema njia. Kwenye nchi hii nimeshindwa ule mtihani wao wa uraia, sina kura. Wewe unayo. Sikukuomba kitu tangu tufike, maana kila siku naomba kupelekwa, na anayeomba kupelekwa hana nafasi ya kuomba kingine. Leo naomba. Theogene, mwanangu, kwenye hiyo karatasi yako usiandike hapana."

Dative aliacha kukaanga. Kabanyana alisogeza simu karibu na uso, akamtazama kaka yake, aliyekuwa ametazama dirishani upande wa barabara, shavu limejaa kama anayetafuna neno. Mama hakumgusa wala hakurudia. Alikaa tu kando yake, kama mtu anavyokaa kwenye matanga, akingoja.