Kidole Kilichohesabu Watu

Usiku wa jana niliota kidole changu cha shahada kimeamka kabla yangu. Kimekaa ukingoni mwa kitanda, kimejifunga kitambaa changu cha kichwa, na kinaniangalia kwa ukucha.

"Zipora," kikaniambia, "amka. Kuna watu wa kuhesabu."

Sikushangaa. Nilijua kimetoka wapi na kinataka nini. Kosa nilikuwa nimelifanya mwenyewe, mchana wa jana, mbele ya sufuria ya chai.

Ngojeni niwaeleze. Sisi Wayahudi wa kilimani kwetu ni wachache, na sinagogi letu ni la mabati, limezungukwa na mashamba ya viazi. Torati yetu inakaa kabatini nyuma ya pazia, na haifunguliwi kusomwa mpaka watimie watu kumi. Wakiwa tisa, hata tisa hao wawe malaika, pazia halifunuliwi. Zamani walihesabika wanaume peke yao. Mwaka juzi tukakubaliana wanawake nao wahesabike, na msichana akitimiza miaka kumi na miwili naye ni mtu kamili.

Basi mjukuu wangu Tirza ametimiza. Nimemlea tangu hana jino. Alhamisi hii, ambayo ndiyo leo, ndiye angesimama kusoma Torati kwa mara ya kwanza. Miezi minane amejifunza ile mistari yake, asubuhi na jioni, hata kuku wangu nadhani wanaijua.

Jana watu wakaja kupanga viti. Mimi niko jikoni, nataka kujua niandae vikombe vingapi. Nikanyoosha kidole dirishani: moja, mbili, tatu. Nikaishia tisa. Azuba, mke wa mwenyekiti, akaniona.

"Mama Zipora! Watu hawahesabiwi kama mbuzi!"

Na kweli kwetu ni mwiko. Viazi vina hesabu, mbuzi wana hesabu. Mtu hapewi namba. Tukitaka kujua kama tumetimia tuna mstari wa maneno kumi: *Mungu, uwaokoe watu wako, uwabariki, uwalishe, uwabebe, leo hata milele.* Kila mtu anapewa neno lake. Maneno yakiisha, tumetimia. Neno likibaki, tunamngoja mwenye neno.

"Kidole ni kidole tu, dada," nikamjibu, nikacheka.

Kidole kikasikia.

Lakini ile tisa ilinikaa kooni. Jioni nikamwambia Tirza, "Mwanangu, nimehesabu. Tuko tisa." Alikiweka kile kijiti chake cha kusomea juu ya kigoda kilicho kati ya vitanda vyetu, akageukia ukutani. Kijiti hicho alikichonga babu yake, marehemu mume wangu Asafu, kwa mti wa mzeituni wa mwituni. Mwisho wake kuna kiganja kidogo chenye kidole kimoja kilichonyooka, ambacho msomaji hufuatia maneno, kwa kuwa ngozi ya Torati haiguswi kwa mkono mtupu. Nilikuwa nimekipaka nta kikang'aa.

Hayo ni ya jana. Turudi kwenye ndoto, kidole kinaningoja.

Kikapanda mkononi mwangu, kikajipachika mahali pake, kikaanza kunivuta. Mimi mwanamke mzima navutwa na kidole kama mbuzi wa mnadani. Nafungua mlango wa nyumba yangu nitoke uani, na uani hakuna. Nimeingia moja kwa moja ndani ya sinagogi. Ni asubuhi, jua linawaka vizuri, na sakafu ni matuta ya viazi. Viti vimepandwa kwenye matuta. Watu wamekaa kimya wakitazama mbele.

Nyuma ya pazia, kabati la Torati linapumua.

"Mmetimia?" likauliza.

"Sijui," nikasema.

"Usiponiambia mmetimia, sifunguki. Usinione mbaya. Mimi ni kabati."

Mlangoni nilikotoka, sasa limesimama gunia. Gunia la viazi la kawaida, la katani, ila limesimama lenyewe, na mdomo wake unafunguka na kufumba. Sindano ya kushonea imening'inia shavuni mwake na uzi wake tayari.

"Nawe unataka nini hapa?" nikaliuliza.

"Mimi sina haraka, Nyanya," likasema kwa adabu. "Vilivyohesabiwa huingia. Ndiyo kazi yangu."

Nikataka kukunja kidole. Hakikunjiki. Kikanyooka kuelekea kiti cha mbele, alipokaa mwenyekiti wetu Yonadabu, mzee wa ndevu, ndiye anayetuongoza katika sala.

"Moja," kikasema.

Yonadabu akawa kiazi. Kiazi cha kadiri, cheupe, chenye kofia yake.

"Mwenyekiti!" nikaita.

"Endeleeni, endeleeni," kiazi kikasema. "Msiningoje."

Kikabingirika kwenye tuta, kikapita miguuni pangu, kikaingia ndani ya gunia. Gunia likafumba mdomo, likameza, likafungua tena.

"Mbili." Azuba alikuwa ameshainuka kunigombeza. Aliwahi kusema, "Nilikwambia, Mama Zi..." na lililobaki likasemwa na kiazi, na sikulisikia vizuri.

"Tatu." Huyo ni Hezroni, fundi wetu wa milango. Yeye alinitazama tu, kwa huruma, kama mtu anayemtazama mwenzake akijikata kidole kwa msumeno. Akabingirika.

Nikautia mkono mfukoni. Kidole kikahesabu kupitia kitambaa: nne. Nikaukalia mkono. Kikahesabu kupitia mimi: tano. Mke wa Hezroni na wanawe wanne, watu wazima wenye ndevu na watoto, wote watano wakaenda mmoja baada ya mwingine bila kelele, na kilichonitisha zaidi ni kwamba walipanga foleni.

"Nane," kidole kikasema, kikapumzika.

Viti vyote vitupu. Mbele, kwenye meza ya kusomea, amebaki Tirza peke yake, amevaa gauni lake la buluu nililomshonea. Ana kitu mkononi.

"Nyanya," akasema, "usininyooshee."

"Sikunyooshei, mwanangu. Kinaninyoosha."

"Basi kizuie. Mimi nimejifunza miezi minane."

Kidole kikacheka. Kidole kikicheka hutikisika ukucha tu. Kisha kikanigeukia.

"Zipora, wewe si mpenda vitendawili? Kitendawili!"

Na mdomo wangu, kwa mazoea ya miaka sabini, ukaitika wenyewe: "Tega!"

"Tuko kumi nyumbani. Nikihesabu, naona tisa."

Kitendawili chepesi. Nyinyi hapo mmeshakitegua. Mimi niliyewafundisha vitendawili watoto wa kilima kizima, nikaanza kubahatisha. Nikasema: kuku na kifaranga? Hapana. Mwezi na nyota? Hapana. Meno na pengo? Kidole kikafikiri kidogo. Hapana.

"Umeshindwa," kikasema. "Nipe mji."

Nikashusha pumzi. Mji ni rahisi. "Chukua Nakuru."

"Nakuru ina wenyewe."

"Chukua Nyahururu."

"Ina baridi."

"Chukua Mombasa, basi, na bahari yake!"

"Mji sitaki leo," kikasema. "Nipe mtu."

Kikanyooka kuelekea Tirza, polepole. Sasa sikilizeni. Kabla hakijataja namba yake, vidole vyake vya miguu vimeshaanza kuchipua. Vile vijicho vya kiazi, vyeupe, vinamtoka kwenye ukucha. Gauni la buluu linaingia udongo kuanzia pindoni. Gunia limeondoka mlangoni, linakuja likirukaruka kati ya matuta, na ndani yake nawasikia watu wa sinagogi letu wakisali kwa sauti ndogo, kila mmoja peke yake, kwa kuwa hawajui kama wametimia.

"Nyanya!"

"Ti..." kidole kikaanza.

Nikakiuma.

Meno yangu si mengi, na hapa mbele juu nina pengo, lakini yaliyopo ni ya kazi. Niliuma kama mtu anayeuma mfupa. Na kidole hakikuwa na damu wala nyama. Kilikuwa mti. Mdomo ukanijaa ladha ya nta.

"Zipora," kidole kikasema, na sauti yake ilikuwa ya Asafu, mume wangu, tuliyemzika miaka sita iliyopita. "Zipora, unaniuma."

"Nimwachie mtoto wetu aende guniani?"

"Mimi nilichongwa nionyeshe maneno. Nani alinituma kwa watu?"

Nikatazama mkono wangu: nimeshika kijiti cha kusomea. Nikamtazama Tirza: ameshika kidole changu halisi, cha nyama, kimelala kiganjani mwake kama ndege mgonjwa. Vilikuwa vimebadilishana mahali tangu jana, pale dirishani.

"Basi nionyeshe maneno," nikakiambia, meno bado yamekishika.

"Anza wewe. Kumi wako nyumbani. Yupi huyo hukumwona?"

Ndipo kitendawili kikanifungukia. Dirisha la jikoni. Wote walikuwa upande wa pili wa kioo. Nimemhesabu Azuba, nimemhesabu mke wa Hezroni, nimemhesabu hata mtoto wa juzi Tirza. Miaka yote hiyo nimechemsha chai, nimefua pazia, nimefagia chini ya viti vya watu wanaohesabika, na hata tulipoambiwa sasa nasi tunahesabika, mkono wangu haujazoea kugeuka.

"Ni mimi!" nikapiga kelele. "Wa kumi ni anayehesabu!"

Gunia likasimama. "Basi taja namba yako," likasema kwa adabu ileile, likafungua mdomo upana wa mlango.

Sikutaja namba. Nikakielekeza kijiti kwenye mdomo wa gunia, nikasema, "Mungu."

Kiazi chenye kofia kikatoka kikibingirika. Kilipofika tutani kilikuwa Yonadabu, udongo kwenye ndevu.

"Uwaokoe." Azuba akatoka. "...pora," akamalizia.

"Watu." Hezroni. "Wako. Uwabariki. Uwalishe." Neno linatoka, mtu anatoka. "Uwabebe." Gunia linapungua, linakunjamana, linalia kwa sauti ya uzi unaokatika. "Leo." Mtoto wa mwisho wa Hezroni akatambaa nje, akatafuta kiatu chake.

Limebaki gunia tupu, na gunia tupu ndilo lenye njaa. Likamrukia Tirza, likamshika mguu mmoja mpaka gotini.

Neno la tisa likanipotea. Nilisoma mpaka darasa la saba, na mstari huu naujua kuliko jina langu, lakini nawaambia, lilinipotea kabisa. Mguu wa Tirza umeingia. Pindo la gauni limeingia. Sindano imeinuka yenyewe na kuanza kushona.

"Fuata kidole," Asafu akasema.

Nikafuata kidole cha mti, na pale kilipoonyesha, hewani, lilikuwepo.

"Hata!"

Gunia likamtema. Vijicho vikadondoka miguuni mwake kama punje za mchele.

"Nyanya," akasema, akipangusa gauni, "mbona mimi nimepewa *hata*? Ni kadogo."

"Shika hivyo hivyo. Bila hako kadogo hakuna anayevuka kwenda mbele."

Nyuma ya pazia kabati likasafisha koo. "Mmetimia?"

Wote wakanigeukia. Neno moja limebaki, na mtu mmoja. Gunia nalo limenigeukia, tupu, mdomo wazi, linangoja nikosee. Nikafungua kinywa niseme neno langu, na kinywa kimejaa mti. Nasukuma kwa ulimi, hakitoki. Kabati linauliza mara ya pili. Gunia linapiga hatua. Navuta pumzi na pumzi haipiti.

Nikaamka.

Kumekucha. Ubaridi unaingia kwenye nyufa za dirisha. Nikahesabu vidole vyangu, maana hivyo vinaruhusiwa: kumi, vyote vya nyama. Mdomoni nina ladha ya nta.

Tirza ameshavaa gauni la buluu. Amesimama karibu na kigoda, amekiinua kijiti kwenye mwanga, anakitazama kwa makini.

"Nyanya, panya amekiuma kidole cha Babu."

"Lete nione."

Akanipa. Kwenye kile kidole cha mti kuna alama za meno, zimeingia ndani kabisa, mbili upande huu na mbili upande ule. Katikati, mahali palipostahili kuwa na alama ya jino, mti ni laini, haujaguswa.

Nikafumba mdomo wangu.

"Panya gani huyu mwenye pengo?" Tirza akauliza.

"Milele," nikasema. Neno lilitoka lenyewe, kwa sauti, kama kitu kilichokuwa kimenikwama usiku kucha.

"Milele nini, Nyanya?"

"Ni neno langu. Vaa viatu, mwanangu, twende. Tumetimia."