Dirisha la Dolina

Tangu asubuhi Mina Swanson alikuwa jikoni, upande wa nyuma, ameinamia sufuria ya supu ya shayiri na shingo ya kondoo. Chumba cha mbele hakukitia mguu. Angefuata nini huko? Springi ya pazia la kuviringisha la dirisha la huko ilikatika jana jioni, pazia likashuka likagoma kupanda, na katika Pulteneytown nzima, mji mdogo wa Uskoti, hapakuwa na mtu wa kumwambia njoo unitazamie. Mumewe alikuwa makaburini, mwanawe alikuwa Kanada, na Dolina Cormack, jirani waliyegawana naye ukuta, alikuwa hamsemeshi.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa kamba ya kuanikia nguo. Aibu hata kuutaja. Wanawake waliotumbua samaki wa heringi pamoja ujana wao wote, vidole vimefungwa matambara ili chumvi isiwachome, wakaja kununiana uzeeni kwa ajili ya kamba! Heringi wakaisha baharini, bandari ikapoa, na wao bado wamenuna. Mina hakutaka kuhamia Kanada kwa mwanawe wala mtu wa kumpikia. Alitaka Dolina amwambie "umeamkaje," basi. Lakini aanze yeye? Thubutu.

Mhandisi aliyeupanga mji ule wa wavuvi alizipanga nyumba kwa rula, za mawe ya kijivu, zimeshikana kutoka kona hadi kona. Huenda alidhani watu wakibanwa hivyo hawatapata upweke. Hakumjua Dolina.

Ilipokaribia adhuhuri Mina alikumbuka chupa yake ya maziwa iliyoachwa kizingitini na muuza maziwa. Akafungua mlango wa mbele, akaganda palepale. Nyumba zote za ng'ambo zilikuwa zimeshusha mapazia. Mchana kweupe! Mtaani kwao hilo lilikuwa na maana moja tu: pana maiti. Akatoka hadi barabarani, akatazama upande wake pia. Mapazia chini, mapazia chini, isipokuwa kwa Dolina. La Dolina lilikuwa juu kabisa, na vyungu vya maua vimepangwa dirishani kama siku ya harusi.

"Hata maiti humheshimu, mwanamke wewe," Mina alinong'ona, na chuki yake ikapata nguvu mpya.

Nyumba ya msiba haiendewi mikono mitupu. Alirudi ndani, akaifunika sufuria kwa kitambaa, akaibeba kwa mikono miwili, akavuka kwenda kwa Hector Tait, ambaye habari za watu huzijua kabla ya wenyewe. Hector alifungua mlango, akamwona, akashika fremu asianguke.

"Bibi Mina!"

"Nani amekufa, Hector?"

Hector alimtazama toka kichwani hadi miguuni.

"Sema basi, mwanangu, supu inapoa."

"Wewe."

"Mimi?"

"Pazia lako lilikuwa chini, Bibi. Maziwa yamekaa nje. Mke wangu akasema, maskini, Mina amekwenda. Tukashusha letu. Wengine walipotuona, nao wakashusha."

"Na mkaja kunitazama?"

Hector aliangalia viatu vyake. "Tulidhani kina Gunn hapa jirani wameshaingia kwako."

"Na kina Gunn?"

"Walidhani sisi."

Mina alianza kucheka, akaacha. Asubuhi nzima alikuwa marehemu, na hakuna aliyegonga mlango. Hakuwahi kujiona mpweke namna ile, hata siku ya kumzika mumewe. Sufuria ilimwelemea. Akavuka tena barabara, na kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi, akaupiga mlango wa Dolina kwa teke.

Dolina alifungua, mikono kifuani.

"Mtaa mzima umeniomboleza," Mina alisema. Hata hakukumbuka kwamba ameanza yeye. "Wewe tu ndiye hukushusha pazia. Hata nikifa, Dolina?"

"Umekufa wapi wewe? Alfajiri umekwangua majivu ya jiko, ukakohoa. Baadaye umeangusha kifuniko, ukakitukana matusi ya bandarini. Nimshushie pazia mtu anayetukana?"

Mina alimkazia macho. "Unanisikiliza?"

"Ukuta wenyewe huo." Dolina alitazama pembeni. "Kila asubuhi. Mpaka nikusikie unakohoa ndipo chai yangu inapita."

Machozi yalimtoka Mina, na mikono ya kuyafuta hakuwa nayo.

"Sasa mbona hukuwaambia watu?" aliuliza hatimaye.

"Nani aliniuliza? Nilikaa hapa dirishani nione nani atakuja kukugongea."

"Wewe je? Mbona hukuja?"

Dolina aliikunjua mikono. Alishika mshikio mmoja wa sufuria, Mina akabaki na wa pili, kama walivyobeba beseni za heringi zamani, wakaingia ndani wakisukumana mlangoni.

"Umeamkaje?" Dolina akamuuliza.