Pumzi ya Tangi

Leseni ya baba ya udereva ilikuwa inaisha Jumapili saa sita usiku, na daktari wa macho alikuwa amekataa kusaini nyingine. Kwa hiyo Jumapili hiyo Clarrie Hennig, mwenye miaka themanini na sita na ubishi wa watu wanne, alitaka kitu kimoja tu: kulipandisha gari lake hadi kilele cha Mlima Lofty, juu ya mji wetu, yeye mwenyewe kwenye usukani, kwa mara ya mwisho.

Gari halikutaka. Ni gari dogo la michezo la Kiingereza, la mwaka 1957, viti viwili, rangi ya kijani. Tangu Alhamisi lilikuwa likienda vizuri dakika ishirini, kisha linakohoa na kuzimika. Ukisubiri robo saa linawaka tena, utadhani si lile. Ijumaa tulibadilisha koili ya kuwashia injini. Jumamosi tukabadilisha pampu ya mafuta, na baba akanitukana kwa kumpa spana isiyofaa, kama anavyonitukana tangu nilipokuwa na miaka tisa. Sasa nina hamsini na saba.

Jumapili likazimika nje kidogo ya kijiji cha Meadows, mbele ya lango la Dulcie Pfitzner. Katika malango yote ya Australia! Dulcie ametengeneza mashine za kukamulia ng'ombe maisha yake yote, na maisha yake yote baba amemcheka kwa hilo.

Alitoka na kikombe cha chai mkononi.

"Limekushinda, Clarrie?"

"Halijanishinda. Linapumzika."

"Na likipumzika, wewe unafanya nini?"

"Nafungua boneti. Kwani wewe ungefanya nini? Ungelikamua?"

"Ndiyo, babu wee. Hebu nipishe."

Alizunguka nyuma ya gari, ambako sisi hatukuwa tumetafuta hitilafu siku zote hizo. Akainama, akauzungusha mfuniko wa tangi taratibu. Fyuuu! Hewa ikavutwa ndani.

"Mmesikia? Mashine zangu za maziwa nazo huvuta hewa hivyo; sauti hiyo naijua kuliko ya mume wangu. Tangi limekosa pumzi. Petroli inatoka, hewa haiingii, mwisho pampu inavuta mpaka inashindwa. Mkisimama, hewa inapenya kidogokidogo, linawaka. Mfuniko huu lazima una tundu mahali."

Tundu lilikuwepo, chini ya ukingo, limejaa kitu cheupe. Dulcie alichomoa pini ya nywele, akakichokoa, akakinusa, kisha akaniangalia mimi. Ilikuwa nta. Jumatano nzima nilishinda nikiling'arisha gari lile, mpaka kwenye mfuniko, ili siku ya baba ya mwisho lipendeze. Kumbe nimeliziba pua.

"Ni nini hicho?" baba aliuliza.

"Uchafu tu," Dulcie alisema, akifutia pini kwenye suruali. "Gari zee hilo, unategemea nini? Haya, nendeni, jua halimsubiri mtu."

Mungu ambariki mwanamke yule. Nilimshukuru kwa macho, baba asione. Baba naye, ambaye kutoa shukrani kwake ni sawa na kung'olewa jino, alivua kofia. "Asante, Dulcie. Wale ng'ombe walikuwa na bahati."

Dakika ishirini zikapita, halikukohoa. Baba aliimba kila kona bila kujua maneno. Kileleni akazima injini kwa mkono wake, na mji wote ulikuwa chini yetu hadi baharini. Nikashindwa kuvumilia.

"Baba, haukuwa uchafu. Ni nta yangu. Mimi ndiye niliyekuharibia siku zako."

Nikajiandaa kutukanwa.

"Ulipaka mara ngapi?"

"Tatu."

"Tatu," alisema, akakohoa kidogo. "Hakuna aliyewahi kunifanyia hivyo, Noelene. Asante, mwanangu."

Akafungua mlango, akazunguka polepole, mkono juu ya boneti, hadi upande wangu.

"Sogea kule."

Usukani ule hakuwahi kumwachia mtu yeyote, hata marehemu mama.

"Baba, bado una safari ya kurudi. Leseni yako ni mpaka saa sita usiku."

"Najua. Ndiyo maana nasema sogea. Klachi yake ina ukorofi, na nataka nikufundishe nikiwa bado dereva."

Nikasogea. Nililia mpaka kijiji cha Crafers, chini ya mlima, naye alinitukana kila nilipobadilisha gia, nami nikalishukuru kila tusi.