Nyauyoma na Chumba cha Tiketi

Treni ya Butere iliacha kusimama kwetu Kamwala mwaka wa sitini na nane. Bwana Kishore, stesheni masta wa mwisho, alifunga dirisha la tiketi, akatuaga, akapanda behewa. Akaachwa askari mmoja Mbukusu, Wepukhulu, alinde milango na mabati. Watu walisikitika, maana kwenda sokoni Kisumu sasa ilikuwa kazi ya miguu. Mama mkwe wangu peke yake ndiye aliyefurahi.

"Wametoka," akasema. "Sasa narudi nyumbani."

Tulimwita Nyauyoma, kwa kuwa aliolewa kutoka Uyoma. Kabla ya reli, boma lake lilikuwa pale pale stesheni, na mumewe alizikwa mbele ya nyumba. Kisha wakaja wenye reli. Nyumba ikabomolewa, kaburi likamwagiwa saruji, na juu yake ikawekwa mizani ya magunia. Basi mzee wetu, aliyekufa mwembamba, akawa anapimwa kila siku pamoja na mahindi.

Nyauyoma hakupanda treni hata mara moja. Aliketi kando ya ua wa michongoma akiwakemea abiria: "Kanyageni polepole, kuna mtu amelala!" Wageni walidhani ana wazimu, wakamrushia ndizi. Alikemea, na ndizi akala.

Sasa kifua kilimbana, na sote tuliona hatamaliza masika. Kwetu Wajaluo mjane huzikwa mbele ya nyumba yake. Akifia katika boma letu jipya, atalala huku, na mumewe kule chini ya mizani, reli ikiwatenga. Mume wangu Ezra akaenda kumwomba Wepukhulu tujenge kibanda tu.

"Nikiruhusu hata kuku atage hapa, nafukuzwa kazi," Wepukhulu akamwambia. "Nina watoto Bungoma, bwana."

Ezra akarudi kichwa chini. Mama yake akaniangalia mimi.

"Nyumba hujengwa na wanaume," akasema. "Na moto?"

Penye mafiga ya mwanamke ndipo nyumbani kwake, na mimi si mtu wa kuambiwa mara mbili. Asubuhi, Wepukhulu alipokwenda mtoni kuoga, Ezra alibeba mafiga, nami nikambeba mama mkwe mgongoni, jambo la aibu kabisa, ila alikuwa mwepesi kama kuni kavu. Mlango wa chumba cha tiketi ulikuwa umeliwa na mchwa. Niliusukuma kwa goti. Nikawasha moto, nikasonga ugali, nikapasha samaki. Wepukhulu aliporudi, moshi ulikuwa unatoka kwenye dirisha la tiketi kana kwamba treni imeingia ndani.

"Mama, toka! Hii ni mali ya reli!"

"Karibu, baba," Nyauyoma akasema, sauti nyembamba kama uzi. "Chakula kimeiva."

"Sili hapa."

"Kwa nini? Kwenu mgeni hali?"

Wepukhulu akautazama ugali. Alijua, kama sisi sote, kwamba akila kilichopikwa kwenye mafiga ya mama huyu, amekuwa mgeni wake. Na mgeni hawezi kumwambia mwenyeji kuwa hapa si kwako.

"Mzee mwenyewe yuko wapi?" akauliza.

Nyauyoma akaionyesha mizani kwa kidevu.

"Pale? Pale ndipo ninapotandika mkeka wangu!"

"Basi mnajuana," nikasema.

Hakucheka. Alisimama mlangoni mpaka ugali ukaanza kupoa. Kisha akavua kofia, akainama, akaingia. Nikammiminia maji, akanawa, akala.

Nyauyoma alifia humo humo, siku ya Jumapili. Wepukhulu akauleta mtaimbo wake wa reli, akaanza yeye kuvunja saruji kando ya mizani. Chini yake udongo ulikuwa bado na unyevu. Tukamlaza kando ya mumewe.

Wakubwa wa reli walifika na gari matanga hayajaisha.

"Nani alimruhusu mwanamke huyu kukaa hapa?" wakafoka.

"Sikumruhusu," Wepukhulu akasema. "Nilimkuta kwake. Yeye ndiye aliyenikaribisha."

Akakabidhi kofia siku hiyo hiyo. Ezra alimsindikiza hadi darajani. Kutoka hapo akaendelea peke yake, kwa miguu, akiifuata reli kuelekea stesheni ya Luanda, na treni ya jioni ikampita bila kupunguza mwendo.