Mkono wa Kushoto wa Mwalimu Osoro

Mwalimu Osoro alistaafu ualimu, ubishi hakuustaafu. Ijumaa ile alifika Magwagwa, kwenye kibanda cha Mariam mshona mikoba, na kipande cha ngozi kwapani. Ilikuwa ngozi ya ng'ombe wa mkewe Bitutu, ng'ombe aliyenunuliwa kwa bonasi ya majani chai, akafa kwa sababu Mwalimu alikataa kumwita daktari wa mifugo. Dawa anazijua mwenyewe, ati! Bitutu alilia wiki nzima. Mwalimu, kwa kutafuta msamaha, akaapa kumshonea mfuko wa Biblia kwa mikono yake mwenyewe, kabla jua halijatua Sabato ikaingia.

"Kipande ni hiki tu, Mwalimu," Mariam alimwonya. "Ngozi ikitobolewa vibaya, tundu halizibiki."

Alimpangia vitundu kwa mstari, akaupaka uzi nta, akatia sindano kila ncha. Akamweleza: kila tundu lipitiwe na sindano zote mbili, ya kulia na ya kushoto, kisha uvute pande zote pamoja.

Mwalimu akaguna. Mariam alipogeuka kumhudumia mteja, huyo mzee akaiacha sindano moja, akashona kwa nyingine, juu chini, juu chini, kama anafunga gunia la mahindi. Akamaliza upande mzima, kifua mbele.

Mariam alirudi, akakata uzi mahali pamoja, akavuta. Mshono wote ukafumuka.

"Sindano zikiwa mbili, uzi ukikatika upande mmoja, upande wa pili unashika," alisema.

Basi Mwalimu akaanza upya. Mkono wa kushoto ukamsaliti. Sindano ilimchoma kidole, ikakosa tundu, na mara ya tatu ikachana ngozi. Hapo hofu ikamwingia. Bitutu atabeba nini?

"Mkono wa bure huu!" akafoka.

Mariam akaichukua ngozi amwonyeshe. Mkono wake wa kushoto ulitangulia, mwepesi, hautafuti tundu. Mwalimu aliutazama, akaukumbuka.

"Mimi ndiye niliyekuchapa darasa la pili, uache kuandikia mkono huo."

"Ndiye wewe."

"Kwa rula."

"Kwa ukingo wa rula, Mwalimu."

Aibu ilimshika hasa, mpaka masikioni. Akapokea ngozi, akashona. Jua lilipoanza kushuka alikuwa na mishono tisa tu iliyonyooka.

"Nikumalizie?" Mariam akauliza. "Kwangu ni nusu saa."

Mwalimu akatikisa kichwa. Angeenda hivyo hivyo nyumbani Gesima, amwonyeshe Bitutu mishono tisa, amwambie ukweli kuhusu ng'ombe: ni ubishi wake uliomuua. Akaifunga ngozi kwenye gazeti, akasimama mlangoni.

"Mariam, mwanangu, nilikukosea. Umenisamehe?"

Mariam alikuwa anakusanya sindano.

"Bado, Mwalimu," akasema, bila hasira. "Jumapili uje tuendelee."